Filipo Alimkuta Anasoma



Leo tutafakari jambo ambalo huenda hukutarajia kulikuta hapa: namna ya kuuliza swali unapojifunza kuandika programu za kompyuta. Usikimbie jamani. Hata kama wewe si mtu wa kompyuta, hata kama uko kwenye uuguzi au ushonaji, kaa nami kidogo. Mbele huko nina kosa langu la kuwaambia, na huenda ukajiona ndani yake.

Nianze na mwanzo wangu. Nilipoanza kujifunza lugha ya Python nilikuwa natumia kompyuta ya kuazima, tena usiku, maana ndipo bando lilikuwa la bei ndogo. Programu yangu ya kwanza "kubwa" ilikuwa na mistari mitatu. Inamuuliza mtu umri wake, inaongeza mwaka mmoja, kisha inamwambia mwakani atakuwa na miaka mingapi. Basi. Nikaiendesha, nikaandika 19, skrini ikajaa maneno ya kutisha, na mwishoni pameandikwa TypeError. Nikarudia. Kosa lile lile. Nikarudia tena, kana kwamba kompyuta ingenionea huruma.

Dakika tatu hazikupita, nilishaipiga picha ile skrini kwa simu, mwanga wa taa umeifunika nusu, nikaituma kwenye kundi la watu wa programu ambao sikuwajua hata mmoja. Chini yake nikaandika: "Naombeni msaada, haifanyi kazi. Haraka tafadhali."

Jibu likaja baada ya saa nzima. Lilikuwa na maneno mawili: "Soma mwongozo."

Hakuna salamu, wala hakuna kuniambia ni ukurasa gani. Niliumia, sitaficha. Nikasema moyoni, hawa watu wana majivuno, wamesahau kwamba na wao walianza sifuri. Siku mbili sikuigusa ile kompyuta. Siku ya tatu nikafungua mwongozo wa Python, tena kwa hasira, ili nithibitishe kwamba jibu halimo.

Lilikuwemo. Nililipata kabla ya dakika tano kuisha. Mahali wanapoeleza input(), yaani ile amri inayopokea kitu anachoandika mtu, wanasema wazi kwamba chochote kinachoandikwa hupokelewa kama maandishi. Kumbe 19 yangu haikuwa namba. Ilikuwa 1 na 9 zimekaa pamoja kama herufi, na maandishi hayajumlishwi na namba. Unaizungushia int(), inageuka kuwa namba, kazi imekwisha.

Nilikaa kimya. Kuna mtu nisiyemjua, katika nchi nisiyoijua, alikuwa ameketi siku moja akaniandikia jibu kabla sijauliza. Nami sikuwa nimefungua hata bahasha yake.

Kwenye barabara ya Gaza

Sasa tufungue Matendo ya Mitume, sura ya 8, kuanzia aya ya 26. Isome mwenyewe leo kabla ya kulala, mimi nitasimulia tu.

Kuna mkubwa mmoja kutoka Ethiopia, mtunza hazina wa malkia wao. Ametoka kuhiji Yerusalemu, anarudi nyumbani, ameketi katika gari lake barabarani. Anafanya nini? Anasoma. Ana kitabu cha nabii Isaya na anasoma kwa sauti. Roho Mtakatifu anamwambia Filipo (huyu ni Filipo shemasi, mmoja wa wale Saba, si yule Mtume) alisogelee lile gari. Filipo anakimbia, anamsikia yule mtu akisoma, anamuuliza kama anaelewa anachokisoma. Yule mkubwa anajibu kwa unyenyekevu kwamba ataelewaje bila mtu wa kumwongoza, kisha anamkaribisha Filipo apande.

Hebu tumtazame huyu Mwafrika mwenzetu vizuri, maana ni mwalimu wetu leo.

Kwanza, alikuwa anasoma. Filipo hakumkuta amesimama kando ya barabara akipiga kelele "naombeni msaada, Isaya hafanyi kazi." Alimkuta na kitabu mikononi.

Pili, alikubali kwamba haelewi. Huyu ni mtu wa ikulu, ana madaraka juu ya hazina yote. Angeweza kujifanya anajua. Lakini kusoma hakukumwondolea haja ya mwongozaji, na wala hakuona aibu kulisema hilo.

Tatu, swali lake lilikuwa na mahali pa kukaa. Angalia aya ya 34. Hakuuliza "Isaya anahusu nini?" Alionyesha andiko, akauliza kama nabii anasema juu ya nafsi yake au juu ya mtu mwingine. Yaani: nimefika hapa, naona njia mbili, nisaidie kujua ni ipi. Swali la namna hiyo linamrahisishia mwalimu kazi. Ndiyo maana Filipo aliweza kuanzia andiko lile lile na kufika hadi kwa Yesu, na safari ile ikaishia kwenye maji ya ubatizo.

Sasa mtazame na Filipo. Alikimbia. Alisikiliza kabla ya kusema. Aliuliza badala ya kukaripia. Alipanda, akaketi pamoja naye. Hakumwambia, "Rudia kusoma Isaya, jibu limo humo humo." Na kweli lilikuwemo humo humo! Lakini alipanda garini.

Shikeni hili, ndilo neno langu la leo: anayeuliza asome kwanza, na anayejibu apande garini. Yote mawili ni upendo. Ukitoa moja, lililobaki linakuwa kilema.

Mwongozo ni kazi ya mikono ya mtu

Tuanze na sisi tunaouliza.

Desturi ya kuandika mwongozo katika kazi ya kompyuta ni ya zamani. Mwongozo wa kwanza wa Unix, uliotayarishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie, una tarehe ya 3 Novemba 1971. Hadi leo, ukiwa kwenye Linux, ukiandika man kisha jina la amri, kwa mfano man ls, unafunguliwa ukurasa wa maelezo. Hiyo ni desturi iliyotoka huko. Na kurasa nyingi za namna hiyo zimeandikwa na watu wa kujitolea, baada ya kazi zao za mchana, bila malipo, ili mtu wasiyemjua asikwame.

Kwa hiyo ninapouliza bila kusoma, sijaruka tu karatasi. Nimeipita zawadi ya mtu mlangoni, nikaenda kumgongea jirani yake usiku nikimwomba anipe zawadi ile ile.

Piga hesabu ndogo. Watu 30 wakiuliza jambo lile lile lililokwisha kuandikwa, na kila mmoja akahitaji dakika 10 za mtu mmoja mwenye moyo wa kusaidia, hizo ni saa 5 za maisha yake. Na siku hiyo hiyo kuna mtu wa 31 ambaye alisoma, akajaribu, akakwama kweli. Akifika, msaidizi ameshachoka. Tunapojichunguza dhamiri juu ya amri ya saba huwa tunawaza pesa na vitu. Tuwaze na muda wa watu.

Sisemi kuuliza ni dhambi, hapana. Wahenga walishasema kuuliza si ujinga. Yoshua bin Sira (6:36) anatushauri tukimwona mtu mwenye akili tumwendee alfajiri, tena mara nyingi hadi kizingiti chake kilike kwa miguu yetu. Na Bwana wetu mwenyewe, akiwa na miaka 12, alikutwa Hekaluni katikati ya walimu (Lk 2:46). Alikuwa akifanya nini? Luka anaandika mambo mawili kwa mpangilio: alikuwa akiwasikiliza, na akiwauliza. Kusikiliza kumetangulia.

Mtakatifu Augustino naye alipita hapa. Alipokuwa Milano, kabla ya kubatizwa mwaka 387, alikuwa na maswali mazito ya maisha, na aliyetamani kumuuliza ni Askofu Ambrosi. Anasimulia katika Maungamo yake kwamba alikuwa akifika, mlango hauzuiwi kwa mtu, lakini anamkuta Ambrosi anasoma kimya kimya. Augustino na wenzake walikuwa wanaketi pale kwa muda, wanamtazama, kisha wanaondoka bila kumsumbua, maana waliona kwamba muda ule mfupi ndio pekee alioupata wa kuipumzisha akili yake. Lakini kila Jumapili Augustino alikuwa kanisani akimsikiliza. Na siku yake ilipofika, mwaka 386, bustanini, ilikuwa ni kwa kusoma: alisikia sauti ya mtoto ikimhimiza achukue kitabu asome, akakifungua, akakutana na maneno ya Mtume Paulo kwa Warumi. Jibu alilolitafuta kwa Ambrosi lilikuwa likimsubiri kwenye kitabu alichokuwa nacho karibu.

Basi nifanyeje?

Tuwe wa vitendo. Kabla hujauliza, fanya haya.

Soma ujumbe wa kosa hadi mwisho. Kwenye Python mstari wa mwisho ndio unaotaja aina ya kosa, na juu yake unaonyeshwa mstari wa programu uliosababisha. Wengi wetu tunaogopa wingi wa maneno tunafunga macho, na jibu liko chini kabisa.

Fungua mwongozo, ile sehemu tu inayohusu kitu chako. Hakuna anayekutaka uumalize wote. Kama bando ni tatizo, na najua ni tatizo, ndani ya Python yenyewe unaweza kuandika help(input) ukapata maelezo mafupi bila intaneti. Na nyaraka za Python unaweza kuzipakua mara moja ukazisoma siku zote. Siku ukipata Wi-Fi ya bure, jiwekee akiba hiyo kabla ya video.

Punguza programu yako. Ikiwa na mistari 100 na tatizo liko sehemu moja, kata kata hadi ibaki mistari michache ambayo bado inaonyesha tatizo. Mara nyingi ukifika hapo utaliona mwenyewe.

Ukishakwama kweli, uliza bila hofu. Sema ulitaka nini, ulifanya nini, kimetokea nini, na umesoma wapi. Nakili maneno ya kosa kama maandishi, usitume picha yenye mwanga wa taa kama niliyotuma mimi. Swali langu la usiku ule lingeweza kuwa hivi:

"Habarini ndugu. Naanza kujifunza Python. Nataka kuongeza 1 kwenye umri alioandika mtu, lakini napata TypeError kwenye mstari wa 2. Nimesoma maelezo ya input(), naona inarudisha maandishi. Je, niyageuze kuwa namba kwanza, au kuna namna ya kupokea namba moja kwa moja?"

Unamwona yule Mwethiopia hapo? Andiko hili hapa, ni hivi au vile? Mtu yeyote atafurahi kulijibu swali hilo.

Na ukijibiwa, rudi. Wakoma kumi walitakaswa, akarudi mmoja (Lk 17:11-19). Andika, "Asanteni, nimeitengeneza, tatizo lilikuwa hili." Shukrani yako itakuwa mwongozo kwa mwingine atakayepita hapo baadaye.

Najua kuna anayesema, "Kaka, mwongozo wenyewe ni Kiingereza, tena kile kigumu." Nakubali, na ni mzigo wa kweli kwetu. Lakini kumbuka, mtu wetu wa garini naye alikuwa anasoma asichokielewa. Kutokuelewa hakukumfanya msomaji bandia. Ukisema, "Nimesoma sehemu hii, sentensi hii imenishinda," hilo ni swali kamili na lina heshima yake yote.

Mwingine atasema siku hizi hana haja ya kumsumbua mtu wala kusoma, anaiuliza akili mnemba. Sawa, itumie. Ila inaweza kukosea kwa sauti ya mtu anayejua kabisa, na asiyesoma hatakuwa na cha kupimia. Hata hapo, rudi kwenye mwongozo uhakikishe.

Kosa langu

Sasa nije kwenye lile nililoahidi.

Miaka ilienda, nikajua kidogo, na mimi nikawa mwenyeji. Tulianzisha kikundi kidogo cha vijana wa parokia, Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, tukijifunza Python. Mimi ndiye niliyeandaa notsi. Kulikuwa na binti mmoja, amemaliza kidato cha nne, mkimya, anakaa nyuma. Usiku mmoja akauliza kwenye kundi letu la WhatsApp. Swali lake, sijui niseme nini, lilikuwa lile lile. Umri. Kujumlisha. TypeError.

Nilikuwa nimechoka, na siku hiyo nilikuwa nimejibu watu wengi. Nikaandika: "Soma mwongozo. Mnapenda kutafuniwa." Nikaweka na kile kikatuni cha kucheka. Wengine nao wakacheka. Yeye akaandika, "Samahani kaka," kisha akalifuta swali lake.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu nikamuuliza rafiki yake, akanijibu bila kunitazama usoni: "Alizisoma zile notsi zako mara tatu. Hana kompyuta, anatumia simu ya mama yake, na siku ile bando lilikuwa limeisha. Kwenye notsi zako hakuna popote palipoandikwa kuhusu hilo."

Nilirudi nyumbani nikazifungua. Kweli. Nilikuwa nimepitiliza. Jambo lililonitesa mimi siku tatu nililiona dogo mno kuliandika. Binti alikuwa amesoma. Aliyekosa ni mwandishi wa mwongozo, na huyo huyo ndiye aliyemcheka.

Mimi sikumuuliza kama Filipo, "Unaelewa unachosoma?" Nilimhukumu garini kwake bila kujua kilichokuwa mikononi mwake.

Jumapili baada ya Misa nikaenda kwao. Nikamwamkia mama yake, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu," akaniwekea stuli chini ya mwembe. Binti akatoka. Nikamwomba msamaha mbele ya mama yake, maana nilimwaibisha mbele ya watu. Akasema, "Yameisha kaka." Alinisamehe kweli, niliona. Lakini hakurudi kwenye kikundi. Alikuwa ameshajiambia kwamba kompyuta si ya watu kama yeye, na neno hilo alilitoa kwangu.

Niliipeleka dhambi hiyo kwenye Kitubio. Siku hizi ukurasa wa 2 wa notsi zetu unaanza na swali lake. Mgeni njoo, mwenyeji apone: swali la mgeni ndilo lililoponya notsi zangu. Yeye mwenyewe bado namwombea.

Kwenu wenyeji

Kwa hiyo nanyi mliotangulia, kwenye programu, kwenye kwaya, kwenye mafundisho ya Kipaimara, kazini, nisikilizeni. Maneno "soma mwongozo" yanaweza kuwa kweli na bado yakawa ukatili.

Tazameni Bwana wetu alivyofanya katika Luka 10. Mwanasheria anamuuliza afanye nini aurithi uzima wa milele. Yesu anamrudisha kwenye maandiko: katika Sheria kuna nini, nawe unasomaje? Ndiyo, hata Yesu alimrudisha mtu kwenye mwongozo! Lakini hakugeuka akaondoka. Alisikiliza jibu lake, akamwambia amejibu vema. Na yule mtu alipouliza swali la pili, jirani yangu ni nani, Yesu alimpa mfano mzima wa Msamaria Mwema.

Karibu mwaka 400, shemasi mmoja wa Karthago aitwaye Deogratias (wangapi kwenye parokia zetu wanaitwa Deogratias!) alimwandikia Augustino akilalamika. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wageni, wale wanaokuja mara ya kwanza kuuliza imani, na alikuwa amechoshwa na maneno yake mwenyewe. Augustino alimwandikia kitabu kizima kuhusu kuwafundisha wanaoanza, na humo anagusa uchovu wa kurudia mambo yale yale. Dawa anayotoa ni hii: mpende anayejifunza, nawe utayaona mambo ya zamani kwa macho yake mapya. Anatoa mfano wa mtu anayemtembeza rafiki mahali pazuri ambapo yeye mwenyewe amepita mara nyingi bila kupatazama. Furaha ya mgeni inaifufua furaha ya mwenyeji.

Na kurekebishika kunawezekana. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, alijulikana kwa lugha kali kwa wenzake. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akapumzika kwa muda ili ajirekebishe. Kama mtu wa ukubwa ule aliweza kusema "nimekosa", mimi na wewe ni nani?

Wahenga wetu walipanga vizuri: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wa majivuno humpa mgeni jembe akiwa bado mlangoni na vumbi la safari. Watu wa huruma isiyo na malezi hawampi jembe kamwe, wanamlisha mpaka anakuwa tegemezi. Wewe mkaribishe, mjibu swali la kwanza, halafu mwonyeshe: "Ona, hili nimelitoa ukurasa huu, mstari huu, njoo tusome pamoja." Kesho atasoma peke yake, na keshokutwa atamwonyesha mwingine.

Kijana aliyesoma

Nimalize na rafiki yetu Mtakatifu Carlo Acutis, aliyezaliwa London mwaka 1991, akafariki Monza kwa saratani ya damu tarehe 12 Oktoba 2006, akiwa na miaka 15 tu. Papa Leo XIV alimtangaza Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, siku moja na Pier Giorgio Frassati. Tunamkumbuka kwa maonyesho yake ya miujiza ya Ekaristi aliyoyaweka kwenye intaneti. Lakini kabla ya maonyesho kulikuwa na kusoma. Waliomfahamu wanasimulia kwamba akiwa bado mdogo alijisomea vitabu vya kompyuta vya ngazi ya chuo kikuu, na kwamba alichojifunza alikitumia kuwasaidia wenzake wa shule. Alisoma kama yule wa garini, akasaidia kama yule aliyepanda.

Jioni hii, dakika tano kabla ya kulala, jiulize haya matatu. Ni zawadi ya nani niliyoipita bila kuifungua, nikakimbilia kumsumbua mwingine? Ni nani niliyemuuliza, akanisaidia, nami sikurudi kushukuru? Na ni nani aliyeniuliza, nikamcheka, akaondoka kimya?

Kama hilo la tatu limekupata, usingoje Jumamosi tatu kama mimi. Mpigie leo.

Tusali.

Ee Roho Mtakatifu, uliyemwelekeza Filipo kwenye lile gari, tupe subira ya kusoma na unyenyekevu wa kuuliza. Utukumbushe kwamba nyuma ya kila ukurasa kuna mtu, na nyuma ya kila swali kuna mtu. Uwarudishe wale tuliowafukuza kwa maneno yetu, na kama hawatarudi kwetu, uwapatie mwalimu aliye bora kuliko sisi. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee.

Muwe na wiki njema, na Mungu awabariki.